Mfuko wa Mkono wa Kushoto

Kiharusi kilimwachia mama fundi cherehani mkono wa kulia unaotikisika vidole tu. Mtaalamu wa viungo, anayemwona mara moja kwa mwezi kwa kuwa kliniki iko mbali, akamwambia aufunge ule mzima, ili ule uliougua ulazimike kufanya kazi. Binti yake akamshonea mfuko mnene wa kuuvika mkono wa kushoto, kisha kwa huruma akawa anamwokotea kila kifungo kilichomponyoka akifanya zoezi la kuchambua vifungo kwa mkono wa kulia.

“We mwanangu, ukinisaidia unaulaza huu mkono!” mama akafoka. “Kaa mbali!”

Miezi minne alichambua vifungo. Vikianguka anaviokota, anavitukana, anaanza upya.

Juzi jirani naye akapatwa na kiharusi. Fundi akamshonea mfuko. Mshono umepindapinda kama njia ya ng'ombe, lakini sindano aliishika kwa mkono wa kulia.