Papa alisema ukweli mbele ya kamera yangu, watu wakacheka

Admin, niwekee hii, lakini jina yangu ibakie kwako. Niko mwanaume wa miaka makumi mawili na tisa, wa hapa Bukavu, sijaoa. Kazi yangu ni kufilmer: ndoa, komunyo, matanga. Naandika bila machozi, musishangae. Tangu hii mambo ianze sisikie kitu ndani ya roho. Nakula, nalala, najibu watu bonjour, basi.

Watu wa ziwa wanahadisiaka juu ya nyama mukubwa mwenye anakulaka watu mu maji. Kwetu ku nyumba haikuwe hadisi tu. Mbele nizaliwe, papa alienda kuvua na kaka yake mukubwa, yaya yake, wawili mu mutumbwi moja. Papa akarudia peke yake, akasema nyama imemubeba yaya. Maiti haikuonekanaka. Bibi ya ule kaka, mwenye namuitaka mama mukubwa, akabakia na watoto wawili. Hakuolewa tena. Mpaka leo anaishi mu parcelle yetu, papa njo anamulisha, na hakulaka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, hata moja. Anasemaka: "Kama nyama ilimukula, sambaza wakakula mabaki. Miye nimukule bwana yangu?" Tulishazoea, hatukumusikiliza tena.

Sasa mwaka huu sisi marafiki wanne tukasema tufanye film ya kucheka. Tujifanye watu wa televisheni wenye wanawinda ile nyama. Mumoja akavaa koti na kofia, akakuwa Professeur kutoka Bruxelles. Tukafunga bassin ya kufulia ku kamba, tukasema ni mashine ya kusikiliza chini ya maji. Ilibakia kupata wazee wa kushuhudia, na hao hatukuwaambia kama ni muchezo, juu wakijua, hawatasema vizuri. Miye mwenyewe nikapeleka marafiki kwa papa, yeye hakuwajuaka.

Papa akavaa shati yake ya misa. Akaangalia ile bassin muda murefu. Akauliza: "Professeur, mutaingia kweli mu maji?"

"Lundi, papa. Tutashuka mpaka chini kabisa."

"Na huyu mutoto wangu?"

"Yeye njo wa kwanza, juu iko na kamera."

Miye niko nyuma ya kamera na écouteurs ku masikio, nasikia hata pumzi ya papa. Kisha akasema: "Musiingie. Mule hamuna nyama, haikukuwaka. Tuligombana na yaya yangu juu ya wavu, nikamupiga kasia ku kichwa, akaanguka. Nilikuwa naweza kuruka nimushike. Sikuruka. Niliogopa kumuambia mama yetu, njo nikasema ni nyama. Ile bongo, ule uongo, ni yangu. Mutu asikufe juu ya bongo yangu."

Professeur akapiga mikono. "Ekie! Muzee ni acteur kutushinda sisi wote!" Wakacheka mpaka kukaa chini. Na miye, Mungu anisamehe, nilicheka pia, kidogo, juu wao walicheka. Papa akaniangalia. Nikazima kamera.

Ile jioni wakaposti kipande bila kuniuliza. Kikatembea mu telefone za watu wote. Avenue yetu yote ni: "Muzee acteur! Musiingie, mule hamuna nyama!" Na papa, yeye alifikiri amesema, watu wamesikia, sasa watakuja kumuhukumu. Siku tatu alikaa mbele ya mulango na ile shati, anangoya. Watu walikuja tu kupiga naye photo.

Siku ya ine akaniita. "Mutoto, kitu yenye nimebeba tangu ujana nimeitoa, na munairudisha mu kinywa yangu. Wewe njo ulikuwa pale. Sema kama sikucheza."

Nikamujibu: "Papa, tuachie tu vile. Watoto wa yaya yako watakuua." Mukubwa wao iko Luhwindja ku machimbo ya dhahabu, na ule hana muchezo.

Akasema: "Hiyo ni yangu. Wewe sema."

Juzi mama mukubwa akaingia ku chumba yangu na telefone ya mujukuu wake. Akaangalia kipande yote mbele yangu. Hakucheka. Akakaa ku kitanda, akasema pole pole: "Mutoto wangu, nilikatalia wanaume watatu juu ya ile maji. Nilisema bwana yangu hana hata kaburi, sasa na miye nimuache? Baba yako alinilisha, alisomesha watoto wangu. Nataka kujua kama alinilisha juu ya upendo ao juu ya damu. Yeye sitamuuliza. Nitauliza wewe, na mara moja tu. Dimanche, kisha misa. Kile utasema njo nitashika."

Nilisema: "Ndiyo, mama."

Kama nasema ni film, papa atakufa acteur, na huyu mama atakufa hajui alikaa miaka yote kwa nani. Kama nasema ni kweli, watoto wake watashuka kumuua papa, na miye njo nitakuwa nimemutoa baba yangu kwao. Marafiki wanasema nifute karte ya kamera, mambo iishe. Iko hapa mu mufuko yangu. Nimeangalia papa anasema yale maneno labda mara makumi mawili, natafuta kama nitalia. Silie. Naona tu kama pale kisha maneno, mbele nizime, alinyoosha mukono kuniomba maji, na hakuna mwenye alimupatia.

Mwenye kunitukana, anitukane, haina shida. Lakini mwenye alishabebaka neno ya muzazi wake mu kinywa, anisaidie. Leo ni samedi. Kwa dirisha naona mama mukubwa anapiga pasi kitenge yake ya kesho. Nimujibu nini?