Mauti Aliyetafuna Tambuu

Leo nacheka na kumshukuru Mungu, lakini juzi, kwenye klabu yetu ya fasihi, Vuga, nilitamani ardhi inimeze. Nilisimama kuufafanua mchezo wa kuigiza tuliouona wiki iliyopita. Zuhura ndiye aliyecheza biarusi, na posa yangu kwake ilikuwa ikingoja jibu la bibi yake wa Chukwani, ambaye nilikuwa sijapata kumwona. Nilitaka sifa za elimu yangu zimfikie bibi huyo.

Nikaanza na yule mwanamke mzee wa buibui, aliyekaa pembeni mwa jukwaa mwanzo hadi mwisho, kimya, akitafuna tambuu.

"Huyo ni Mauti," nikasema. "Wekundu wa midomo yake ni damu ya ujana wetu!"

"Naam!" wakaitikia wenzangu, nami nikavimba.

Nyuma ya ukumbi akainuka bibi mmoja, midomo myekundu.

"Mie Mauti? Mie nlikaa pale kumlinda mjukuu wangu. Nimwache peke yake mbele ya wanaume?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikainama kumwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Posa yako nshaikubali tangu jana. Haya, Mauti keshakwambia ndiyo. Utakimbia?"