Pudini ya Sakafu Iliyolala

Mzee mmoja mwashi aliitwa Pima, kwa sababu ukuta aliojenga yeye ukiwekewa pimamaji, kile kipovu chake kilikaa katikati na kutulia kama mtoto aliyeshiba. Watu walimfuata kutoka mbali. Basi shangaa nawe: sakafu ya jikoni kwake mwenyewe ilikuwa imelala upande. "Mganga hajigangi," majirani walimtania, naye alicheka huku roho inamuuma.

Aliipiga sakafu ile alipokuwa ameoa juzi juzi, mkewe mjamzito na nyumba haina hata mlango. Alimwaga zege jioni akiwa hoi kwa kazi za watu, na ilipokauka ikaonekana imeshuka kuelekea dirishani. Aliapa kuibomoa mwezi ule ule. Kabla hajapata nafasi, mkewe akaoka pudini.

Ilikuwa pudini ya mkate tu, chakula cha mtu asiyependa kutupa kitu. Sukari iliunguzwa ndani ya trei hadi ikawa hudhurungi, mkate wa juzi ukakatwakatwa na kulowekwa katika maziwa na mayai yaliyopigwa, zabibu kavu zikatupiwa kwa ubahili, kisha vyote vikamiminwa humo na kuingizwa kwenye oveni. Sasa, jiko lenyewe limesimama kwenye mteremko, na vitu vya majimaji havina adabu, vikakimbilia dirishani. Pudini ikatoka upande mmoja nene na laini, imezama kwenye sukari, na upande wa pili nyembamba, kavu, inalia mtu akiiuma. Mkewe alionja huku, akaonja kule, akaweka kijiko chini.

"Sakafu usiiguse," alisema.

"Watu wananicheka, bibie."

"Waache wacheke. Wao wanakula pudini ya aina moja."

Ikawa hivyo, Jumapili baada ya Jumapili. Trei ilikuwa na wenyewe kama shamba. Upande wa dirishani ulikuwa wa baba, ambaye meno yalianza kumtoroka mapema, na wa kitinda mimba. Upande mkavu ulikuwa wa kifungua mimba, binti mwenye taya za chuma, aliyesikika akitafuna mpaka uani. Mama alichukua katikati, akidai huko ndiko kwenye akili. Mgeni aliyechagua upande kabla wenyewe hawajajichagulia alikumbukwa kwa ubaya muda mrefu. Watoto hawakuwahi kuambiwa sababu. Walidhani pudini zote duniani zina pande mbili.

Binti alikua, akawa muuguzi, akaolewa. Alijaribu kuoka pudini ile kwake. Ilitoka sawasawa kama godoro. Alijaribu tena na tena, akaishia kuamini kwamba hana mkono wa mama yake, na jambo hilo lilimuuma zaidi mama alipofariki.

Mzee naye alibaki na trei. Alijifunza kuoka kwa kubahatisha, na ile ya kwanza ingefaa kujengea ukuta. Lakini baadaye zikaanza kutoka na mteremko wake, na alipokaa na sahani alihisi, kwa muda wa vijiko vichache, kwamba mkewe yuko uani anaanua nguo na ataingia sasa hivi. Alimkumbuka sana. Aliukumbuka hata ugomvi wake.

Ndipo binti akaleta vigae, na fundi wa kuvibandika. Fundi huyo aliitwa Zege. Ujana wake wote aliumalizia kumkorogea mzee zege, na sasa ana mafundi wake mwenyewe.

"Baba, sakafu imepasuka. Utaanguka uvunjike nyonga, nani atakuokota?"

Wiki ile ile mzee alikuwa amejikwaa akamwaga uji. Aliogopa jambo moja tu: sakafu ikinyooka, pudini ya mkewe itaondoka nayo. Na usimshauri kuinua mguu wa jiko kwa kigae. Alishajaribu sebuleni, penye sakafu iliyonyooka. Jiko likacheza kama jino bovu na mlango wa oveni ukafunguka wenyewe.

"Sawa," alisema. "Ila jikoni nitapiga mwenyewe."

Kabla vijana wa Zege hawajabomoa, alichora ukutani kwa penseli mstari wa mteremko wa zamani. Walipomaliza kubomoa, akafunga mlango. Kunyoosha sakafu ni kazi ya fundi yeyote. Kuilaza kiasi kile kile, isizidi wala isipungue, kulimtoa jasho ambalo hata ghorofa haikumtoa. Magoti yalimwaka moto. Kigae cha mwisho alikigonga kwa mpini wa mwiko, akaketi juu ya ndoo.

Zege akaingia kukagua. Akaweka pimamaji, kipovu kikakimbia. Akaligeuza, labda limeharibika. Kipovu kikakimbilia kule kule. Alitoka kwenda uani, na mzee akamsikia akinong'ona.

"Dada, samahani. Mzee wetu amechoka. Sakafu imelala. Nitairudia taratibu, wala hatajua."

Maisha yake yote mzee hakuwahi kuhurumiwa kwa kazi ya mikono yake, tena na mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kushika mwiko. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Lakini angeanzaje kumweleza Zege habari za pudini? Akakubali aonekane amezeeka.

"Imelala kuelekea wapi?" binti aliuliza.

"Dirishani."

Binti akaja mlangoni. Akaitazama sakafu, akatazama mahali jiko linapokaa, kisha akamtazama baba yake juu ya ile ndoo, na machozi yakamtangulia maneno.

"Baba. Kumbe ni sakafu?"

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Miaka yote hii nimejilaumu mimi! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Na mimi sikujua unajilaumu."

Zege alisimama kati yao na pimamaji lake, haelewi mbele wala nyuma. "Kwa hiyo, Dada, nibomoe?"

"Ukibomoa hapa," binti alisema, "umenibomolea mama yangu."

Zege akalirudisha pimamaji mfukoni, akainama, akaokota mwiko wa mwalimu wake na kwenda kuuosha.