Kinywa cha Bibi Beseni

Mtaani kwao kila alipozaliwa mtoto, kabla hajapewa jina Bibi Beseni alikuwa ameshaitwa. Jina lake hasa lilisahaulika zamani, labda hata na yeye mwenyewe. Alikuja amelibana kwapani beseni lake la bati, lenye ua lililofutika katikati, na akina mama walipoiona kanga yake inapinda kona walianza kuchemsha maji. Beseni la mtu mwingine hakuligusa.

"Beseni la watu limefuliwa soksi," alisema. "Na mtoto si soksi."

Kazi yake ilikuwa kuogesha watoto wachanga. Alipima maji kwa kiwiko, kwa sababu kiganja cha mwanamke aliyefua maisha yake yote hakijui tena moto ni nini. Alikaa sakafuni, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja na kumkanda mgongo kwa mafuta mpaka viungo vikalegea kama unga ulioiva mikononi. Mwisho likaja lile alilosifiwa nalo. Aliinama, akaifunika pua ya mtoto kwa midomo yake, akavuta, kisha akageuka na kutema makamasi kwenye kitambaa. Mtoto aliyekuwa akikoroma kama paka alinyamaza, akatafuta ziwa.

"Ipo mipira ya kuvutia siku hizi," mwanamke mmoja alimwambia.

"Mpira hauna huruma, mwanangu. Kinywa kinajua kiasi."

Hakuna aliyebishana naye. Nusu ya vijana wa mtaa ule walipita kinywani mwake, naye aliwakumbusha hivyo kila walipomjibu vibaya.

Binti yake wa pekee alikaa kwenye ndoa miaka mingi bila kushika mimba. Aliposhika, mtoto hakungoja siku zake zitimie. Alitoka mdogo, mwekundu, mwenye vidole kama njiti za kiberiti, wakamwita Punje. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, aliogopa kumbeba.

"Mikono hii imezoea mageti," alisema.

"Lete huku," Bibi Beseni akamwambia. "Hata geti huanza na kipande."

Tangu siku hiyo alihamia kwa binti yake. Akitoka kuogesha watoto wa watu, alirudi kumwogesha Punje, wa mwisho na wa muda mrefu kuliko wote.

Baridi ilipoingia, mtaa mzima ulipiga chafya. Bibi Beseni naye pua ikamtiririka, koo likamkwaruza, macho yakawa mekundu.

"Mama, leo pumzika," binti yake alimsihi.

"Nipumzike kwa mafua? Mafua si ugonjwa. Ni mgeni asiye na adabu, anakula chako na kuondoka bila kuaga."

Akajifunga kilemba, akabana beseni kwapani. Asubuhi hiyo alikwenda kwa mwoka mikate, ambaye mkewe alikuwa amejifungua dume nene la kupendeza. Akamwogesha, akamkanda, akamvuta pua. Kisha akarudi nyumbani kwa Punje. Huyo alimvuta pua mara mbili, kwa mapenzi tu.

Baada ya siku chache Punje alianza kutoa makamasi, halafu akakohoa, kikohozi kidogo kikavu kama mtu anayebisha mlango kwa kucha. Bibi alimvuta asubuhi, akamvuta jioni.

"Yamenitoka mimi yameingia kwake," alitania. "Tumegawana, bibi na mjukuu. Chetu ni kimoja."

Binti yake alicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka wiki ile.

Kesho yake Punje alishika ziwa, akanyonya kidogo, akaliachia akihema. Akashika tena, akaachia tena.

"Mama, tumpeleke hospitali."

"Ukamkalishe kwenye benchi la baridi katikati ya wagonjwa? Ngoja nimkande kifua. Pua ikifunguka atanyonya."

Binti akangoja. Yeye mwenyewe alikuwa amepita mikononi mwa mama yake, na mtaa mzima pia. Mbele ya mtoto mchanga, neno la Bibi Beseni lilikuwa la mwisho.

Kulipokucha, hakukuwa na la kungojea. Kila pumzi ya Punje ilizamisha ngozi katikati ya mbavu, tundu za pua zikipanuka, kichwa kikiitikia kama cha mzee anayesinzia. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Baba yake, aliyeogopa kumbeba, alimnyakua na kutoka naye mbio, mkewe na Bibi Beseni nyuma yake.

Wodi ya watoto ilinuka dawa ya sakafu. Muuguzi, mwanamume mpana mwenye vidole vyepesi, alimdondoshea Punje maji ya chumvi puani, akamvuta makamasi kwa mrija mwembamba, kisha akamwekea mrija wa oksijeni. Rangi ya midomo ikarudi kidogo. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alisikiliza mapafu kwa muda mrefu.

"Ni virusi," alimwambia binti. "Kwangu na kwako vinakuwa mafua tu. Kwa mtoto kama huyu vinashuka mpaka kwenye mirija midogo kabisa ya mapafu. Mirija inavimba, inajaa makamasi. Ni sawa na kuvuta hewa kupitia mrija wa soda uliobanwa kwa vidole."

"Basi mpige sindano, daktari," baba alisema.

"Sindano ya kuviua virusi hivi sina, baba. Na antibiotiki haziviwezi. Tutampa oksijeni, tutamsafisha pua, tutampa maziwa kwa mpira unaopita puani ili asichoke, tukingoja mwili wake upigane. Watoto wengi hushinda. Ila huyu alizaliwa kabla ya wakati, na mapafu yake ni machanga kuliko yeye. Nyumbani nani ana mafua?"

Bibi Beseni alijaribu kuimeza chafya. Ikakataa.

"Wewe ndiye unayemhudumia mtoto, mama?" daktari akamwuliza.

"Namwogesha mimi," akajibu, na kwa mazoea ya miaka akanyoosha shingo. "Na pua namvuta mwenyewe. Kwa kinywa."

Daktari alimsogelea. "Virusi hivi vinakaa kwenye mate na makamasi, mama. Vinapita kwa chafya, kwa mikono, kwa busu. Siwezi kusema vimetoka kwako, mtaa mzima una mafua. Lakini kuanzia leo usimvute mtoto yeyote hivyo." Akatoa barakoa mfukoni, akamkabidhi.

Kabla hajaivaa mlango ulifunguliwa. Akaingia mwoka mikate, unga ukiwa bado mikononi, na nyuma yake mkewe amelibeba lile dume lao likihema.

"Kumbe uko huku, Bibi," mwoka mikate akasema, uso ukimfunguka. "Tumekupitia kwanza, tukakuta mlango umefungwa. Hanyonyi, eti."

Bibi Beseni aliivaa barakoa. Binti yake alimtazama mtoto wa mwoka mikate, akamtazama mama yake.

"Ulisema mmegawana," alisema polepole.

Dume la mwoka mikate lilikaa kwenye oksijeni muda mfupi tu, likaanza kudai ziwa kwa kelele. "Huyu ana mapafu ya tanuri," baba yake alijisifu, kisha akaona kitanda cha pili na kushusha sauti. Kwenye kitanda hicho Punje alikuwa akichoka. Muuguzi aliwaeleza bila kuficha: kupumua nako ni kazi, na mtoto mdogo huishiwa nguvu kama mkimbiaji anavyoishiwa. Bibi Beseni alikaa mlangoni, barakoa usoni, akihesabu pumzi za mjukuu wake kwa mbali. Punje alikufa adhuhuri, jua likiwa limejaa dirishani, sahani za chakula cha wagonjwa zikigongana ukumbini.

Nyumbani wanawake wa mtaa walijaa chumbani. Maji yalichemka, yakapoa, na hakuna aliyethubutu kuuliza nani atamwosha Punje. Binti ndiye aliyeinuka. Akalileta beseni la ua lililofutika, akaliweka mbele ya mama yake.

"Mwoshe wewe."

Bibi Beseni alikaa sakafuni, akanyoosha miguu, akampokea Punje mapajani. Akatia kiwiko majini, ingawa moto na baridi vilikuwa sawa sasa. Kisha akaitoa barakoa kifuani mwake, akaifunga usoni.

Binti yake alimwangalia. "Sasa unaziba nini, mama?"

Kikongwe alizikaza kamba za masikio.

"Kuna watoto mgongoni mwa watu," alisema.

Binti akageuka. Aliwaona wanawake waliosimama kando ya ukuta, na migongoni mwao vichwa vidogo vilivyolala. Akainama, akachukua jagi, akaanza kummiminia mama yake maji.