Swali la Sita la Daktari Careen

Kilichomuuma Lidwina kwanza si shahada ya Careen, ni dirisha. Miaka kumi na tisa ameomba chumba chenye dirisha kwa ajili ya mafaili yake, maana kwenye masijala ya hospitali yao pale Songea karatasi zinaota ukungu kila masika, na miaka kumi na tisa ameambiwa avumilie. Careen alishuka kwenye basi Jumapili. Jumatatu mchana alikuwa ameshakaa dirishani, pazia jipya, jina lake limetariziwa kwenye koti jeupe.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Daktari Rupert, mganga mkuu, alisema wakati wa kumkaribisha. Lidwina alipiga makofi pamoja na wenzake. Apone nini, alijiuliza, na huyo mgeni mwenyewe kakulia Mfaranyaki, mtaa wa hapa hapa Songea.

Ndiyo, wanajuana tangu utoto. Lidwina alitoka kwao Namtumbo akaja kukaa kwa mjomba wake ili asome. Careen alikuwa mtoto wa nyumba ya pili, mdogo kwake kwa miaka mitatu, na hesabu za sehemu zilimtoa machozi. Nani alimfundisha? Lidwina, jikoni, kwa kukata muhogo vipande. Leo mwenye machozi ni mtafiti wa chuo kikuu, amekuja kuchunguza ni nini kinachowaweka watu wa huku katika hatari ya saratani ya damu na ile ya mitoki, zile ambazo wasomi wanaziita lukemia na limfoma. Mwalimu wake ni karani wa mafaili. Tusidanganyane, tonge kama hilo halimezeki.

Wala si kwamba Lidwina hakuwa na kichwa cha kusoma. Barua ya kukubaliwa chuo cha maabara alikuwa nayo mkononi, mwaka uleule ambao mama yake, Notburga, alivimba mitoki ya shingoni. Akabaki kazini pale masijala ili amuuguze. Mama akafariki, nafasi ikapita, na Lidwina akanunua daftari kubwa la jalada gumu. Humo akawa anaandika kila mgonjwa wa magonjwa hayo mawili aliyepita mbele ya meza yake: jina, kijiji, na kwao wanalima nini. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Shikamoo, dada Lidwina," Careen alimwambia siku ile ya kwanza, akipiga goti kidogo kama zamani.

Hata shikamoo yenyewe ilimkera. Angekuwa na maringo ingekuwa afadhali. Mwenye maringo si kazi kumchukia.

"Marahaba. Unataka mafaili mangapi?"

"Mia mbili na kumi, dada. Wagonjwa walio hai vijana wangu wameshawahoji vijijini. Waliofariki nachukua maelezo kwenye kadi zenu, kazi waliyokuwa wakifanya na kadhalika."

Lidwina akayabeba, mafungu kwa mafungu, huku roho inamfukuta. Daftari lake hakulitaja. Alilisukuma ndani kabisa ya droo, akalifunika na kanga.

Wiki ya pili Careen akamwomba apange madodoso kwa namba, na hapo ndipo Lidwina alipoliona swali la sita. Liliuliza: Je, wewe ni mkulima wa tumbaku? Chini yake pameandikwa: Kama hapana, nenda swali la kumi na tisa. Maswali yaliyokuwa yanarukwa ndiyo yenyewe hasa, ya dawa za kuua wadudu, nani anachanganya, nani anapuliza, nani anashika bila glavu. Na wanawake wa Namtumbo, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamejibu hapana.

Lidwina alicheka peke yake mle masijala. Kwao, mkulima wa tumbaku ni yule ambaye jina lake lipo kwenye chama cha msingi cha wakulima, na huyo ni baba. Mama anachota maji ya kuchanganyia dawa, anaosha bomba la kupulizia, anafua nguo za baba zilizolowa sumu, anakata majani, anayafunga, anashinda na moshi kwenye bani la kukaushia. Ukimuuliza kazi yake, atakwambia ni mama wa nyumbani, anamsaidia mume tu. Hasemi uongo, ndivyo walivyozoea kusema. Careen aliyeijua tumbaku kwa kuiona juu ya lori angeyajulia wapi hayo?

Basi katika hesabu zake, wanawake walioogelea kwenye dawa miaka yote wakahesabiwa kuwa hawajawahi kuigusa. Dawa ingetoka imetakata, haina hatia, na Ijumaa Careen angewasomea hivyo wageni wa wizara na viongozi wa vyama vya wakulima.

Acha asome, Lidwina alijiambia. Acha aumbuke na koti lake.

Lakini alijua fika kwamba hakuna wa kumuumbua. Wakulima walioalikwa ni wale akina baba. Ripoti ingepigiwa makofi, na wifi yake kule Namtumbo angeendelea kufua mtoni nguo zile zile kwa mikono mitupu. Lidwina alilijua hilo Jumatatu, akalijua Jumanne, na bado akanyamaza. Wivu ulikuwa mtamu kuliko wifi. Nisimpambe, ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi mchana Careen akachungulia mlangoni. "Dada, imebaki kadi moja tu, namba mia na arobaini. Ni ya zamani sana."

Lidwina akaipata kwenye sanduku la chini, imeota madoa ya ukungu. Notburga Ngonyani, Namtumbo. Uvimbe wa mitoki. Kazi: mama wa nyumbani. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

Akaikumbuka siku hiyo. Mama amekaa kwenye benchi, kitenge amekizungusha shingoni kuficha uvimbe, na yeye, aliyezaliwa kwenye tumbaku, aliyefunga majani mpaka vidole vikawa vyeusi, hakumuuliza hata swali moja. Aliandika tu. Nyani haoni kundule, wanasema. Lidwina alikaa juu ya sanduku akalia, kisha akajifuta, akalitoa daftari chini ya kanga.

Akaenda kule kwenye dirisha, akaweka daftari na kadi mezani, akaeleza yote: chama, bomba, nguo, mto. Careen akalivuta daftari karibu. Alipofungua daftari akaona miaka kumi na tisa ya majina na mashamba, akayafuata kwa kidole ukurasa baada ya ukurasa.

"Umelijua hili tangu lini, dada?"

"Tangu Jumatatu."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuonea wivu, Careen. Bado nakuonea. Hata hili dirisha."

Careen aliinuka. Aliichukua ripoti ya kesho, imeshajalidiwa vizuri, akaifungia kabatini. "Kesho nitawaambia wageni sina cha kuwasomea, tunarudi kuuliza upya," alisema, ingawa aibu hiyo si ndogo. Akachukua dodoso tupu, akalikata swali la sita kwa mstari, akamsogezea Lidwina kalamu. "Niandikie wewe. Kwenu linaulizwaje?"

Lidwina akaandika: Baba akitoka kupulizia dawa, nguo zake anafua nani?

"Tuanze na nani?" Careen aliuliza.

Lidwina akaivuta kadi yenye ukungu. Juu ya dodoso akaandika mia na arobaini, na mbele ya swali akajibu kwa mwandiko uleule wa siku ile: yeye mwenyewe, kwa mikono, pamoja na binti yake.