Bunduki Kuukuu Haichaguliwi kwa Mng'aro

Siku niliyonunua bunduki yangu ya kwanza naikumbuka vizuri kuliko siku niliyooa, na mke wangu Mwanamisi akinisikia nikisema hivyo hununa. Ana haki ya kununa. Lakini wewe, mwanangu, ndiwe uliyenilazimisha niikumbuke. Jumamosi ulikuja hapa Gazi kutoka Ukunda, hata chai hukuimaliza, ukanitolea simu. Picha kumi na mbili za bunduki kuukuu ya jeshi unayotaka kuinunua, ati kwa sababu umejiunga na wapiga shabaha. Nilizitazama zote. Mti uliopakwa vanishi, mkanda wa ngozi, kitako kwa upande wa kushoto, kitako kwa upande wa kulia. Ya ndani ya mtutu, hakuna hata moja. Nikakuuliza risasi zake zapatikana wapi, ukasema utatafuta mtandaoni. Nikakuuliza kama nambari zilizochongwa kwenye vyuma vyake zalingana, ukanijibu, "Ami, hii imepigana vita."

Sasa hilo ni jibu la swali gani?

Siku ile ulikuwa mgeni wangu, na marehemu babako aliniachia nikulee, hakuniachia nikufokee. Leo nitasema.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nalima mihogo Kikoneni kwenye shamba la baba. Nguruwe mwitu walikuwa wakituingilia alasiri, jua bado kali, bila haya wala woga. Mnyama ambaye hata ukimuua humli, lakini yeye jasho lako alila lote. Nikaomba cheti cha kumiliki silaha. Nilikwenda kwa polisi, nikarudishwa, nikaenda tena, hata nikakipata, na siku hiyo nikajiona sina mwenzangu kuanzia Kikoneni mpaka Vanga. Hapo ndipo ujinga ulipoingia. Mtu akishapewa karatasi hudhani amepewa na maarifa.

Mama alinijua. Akamwomba kaka yake, mjomba Bakari, afuatane nami hadi Mombasa. Mjomba alikuwa askari zama za mkoloni, na bunduki za namna ile alizifungua na kuzifunga kama wewe unavyofungua vifungo vya shati. Dukani tulikuta tatu za vita, zilizotolewa jeshini zikauzwa kwa raia. Moja ilikuwa imeliwa na kutu, hiyo tuiache. Ya pili ilikuwa na sura mbaya kwelikweli: mti mweusi kwa mafuta ya mikono ya watu, umekwaruzika kila mahali, kitako kina pengo kama jino lililong'oka. Ya tatu ilikuwa nyekundu, inang'aa, hata nilipoinama niliuona uso wangu kwenye mti. Nikaushika ule mkanda wa ngozi na moyo ukahama.

Mjomba aliichukua ile mbaya. Akatoa bolti, lile komeo la chuma linalofungia risasi ndani, akauelekeza mtutu mlangoni penye mwanga akachungulia, akachungulia tena. Kisha akapitisha kidole kwenye nambari: ya bolti, ya mwili, ya mtutu. Akafanya vivyo hivyo kwa ile nyekundu.

"Hii bolti yake si yake," akasema. "Nambari imekwanguliwa. Na mti umepigwa msasa, umefutwa kila alama. Chukua hii mbaya, mwanangu. Imezeeka pamoja na viungo vyake."

Mwenye duka akacheka, akasema wazee wapenda vitu vibaya kwa kuwa wamevizoea. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

"Mjomba, bolti zote ni moja siku hizi," nikasema.

Nililipata wapi neno hilo? Sikulipata popote. Nililitunga papo hapo ili nisionekane mshamba mbele ya mtu ambaye sijamwona tena tangu siku ile. Mjomba alivaa kofia yake akatoka, akakaa kwenye ngazi mpaka nilipomaliza. Kwenye feri ya Likoni alinionyesha pa kukaa, basi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi niliimba methali hiyo shuleni, na haikunisaidia kitu.

Siku ya tatu nilikuwa kando ya shamba na Nyamawi, jirani yangu, mfugaji, mtu ambaye tulitahiriwa naye msimu mmoja. Alisimama kulia kwangu, karibu, kwa sababu mimi ndimi niliyemwita asogee aone. Nguruwe akatoka kichakani. Nikavuta.

Haukuwa mlio wa bunduki. Ulikuwa kama chungu kilichopasuka jikoni. Ile bolti ya kuazimwa haikuishika risasi sawasawa, ganda likapasuka ndani, moto na vipande vya shaba vikatokea ubavuni, upande wa kulia. Mimi niliungua shavu. Nyamawi alikuwa amekaa chini, viganja usoni, damu ikipita vidoleni, na yeye ndiye aliyeniuliza kwa sauti ya taratibu, "Umeumia?"

Tulimpeleka hospitali Msambweni, wakamsafirisha Mombasa. Walijitahidi. Jicho la kulia halikurudi.

Mjomba alinikuta nimejikunyata ukumbini hospitalini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Nilikuwa nangoja anitukane, nilitamani anitukane. Akasema, "Wewe hukununua bunduki. Ulinunua kioo ujitazame. Sasa kimemkata mwenzako." Kisha akaongeza, "Ng'ombe wa Nyamawi wamelala na kiu tangu jana. Wewe wakaa hapa kufanya nini?"

Nikaenda. Niliwachunga wale ng'ombe mpaka Nyamawi alipoweza kutembea kichakani bila kujigonga, na mihogo yangu nguruwe waliimaliza. Bunduki niliisalimisha kituo cha polisi. Na ile mbaya, mwanangu? Miaka baadaye niliikuta kwa mkulima mmoja Lunga Lunga. Niliijua kwa lile pengo la kitako. Akaniambia haijamsumbua hata siku moja.

Nyamawi yu hai, wamjua, ndiye yule mzee anayetuletea maziwa kila Idi. Hajawahi kunitaja kwa ubaya mbele ya mtu. Lakini nikimsalimia kutoka upande wa kulia, lazima ageuze kichwa chote ndipo ajue ni mimi, na kila akigeuza mimi hutazama chini.

Basi nisikilize, nisirudie. Cheti kwanza, kikamilike, ndipo uzungumze na muuzaji. Usiende peke yako. Mchukue fundi anayezijua, na akisema hapana, iwe hapana, hata kama duka zima litakucheka. Chungulia mtutu ndani, na ukiona vishimo vya kutu au ile mikondo inayozungusha risasi imelika, rudisha, usisikilize hadithi. Nambari zilingane. Zisipolingana, au zimekwanguliwa, ondoka pale dukani. Mti uliopigwa msasa uuogope zaidi ya uliokwaruzika. Na kabla ya yote hayo jua risasi zake halali zauzwa wapi, maana bunduki isiyo na risasi ni mwiko wa ugali, na ya kulishwa risasi za kubahatisha ni balaa. Siku ya kuijaribu, fundi awe ameikagua, na pembeni pasisimame mtu. Hivyo vita unavyovisifia si vyako. Wewe hukuwapo, na muuzaji naye hakuwapo.

Jumamosi ijayo njoo na picha ya ndani ya mtutu, au njoo bila simu. Sitaki tena kuona mkanda.

Mwenyezi Mungu akujaalie subira ya kusikia unapoambiwa, aiepushe mikono yako na majuto, akuhifadhi wewe na kila atakayekuamini akasimama karibu yako. Amin.