Yai Halikai kwenye Siti

Mtaa mzima walimwita Trei, na yeye hakuona ubaya. Miaka kumi na tisa anabeba mayai kwa baiskeli, trei kumi kwa mpigo, zimepangwa nyuma na kukazwa kwa mpira. Ukimpa nafasi atakuambia alishawahi kupanda kile kilima mikono mfukoni, mvua inamwagika, na yai moja likaanguliwa njiani kwa joto la spidi. Ukicheka atakuambia kifaranga mwenyewe yupo, nenda kamuulize.

Ila magoti hayasikii sifa. Mwaka huu magoti ya Trei yalianza kulia kama bawaba za mlango wa choo. Akifika katikati ya kilima anashuka, anasukuma, baiskeli inayumba, inatoka shimo hili inaingia lile, na trei ya chini inalowa. Na juu ya hicho kilima ndiko aliko Mama Mikate, mwenye tanuri, mteja wa trei kumi Jumatatu, kumi Jumatano, kumi Jumamosi. Huyo peke yake ni nusu ya biashara. Nusu nyingine ni wateja wa trei moja moja na maneno gunia zima.

Jumatano Mama Mikate alimrudishia mayai kumi na manne. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo Trei alipoogopa.

"Baba Pacha, mimi sikufukuzi," alimwambia, anajipangusa unga mikononi. "Nakuambia tu mapema. Jumamosi nikikuta ufa, Jumatatu nachukua kwa yule wa gari."

"Mama, yule wa gari mayai yake madogo kama pipi."

"Madogo, lakini mazima."

Trei alishuka kilima hajapiga mluzi hata mmoja. Nyumbani mkewe, Mama Pacha, alikuwa mezani karibu na dirisha, anafanya kazi yake. Hakuna yai lililotoka nyumba ile bila kupita mikononi mwake. Anachukua mawili mawili, anayagonganisha taratibu karibu na sikio. Zima linasema *ti*. Lenye ufa, hata ule ufa mwembamba ambao macho hayauoni, linasema *che*. Anaweza kumaliza trei nzima huku anajibizana na jirani dirishani, na asikosee yai wala jibu.

"Nimekuambia siku nyingi," alisema baada ya kusikia habari za kilimani. "Hayo magoti yapumzike. Mwite mdogo wangu."

Mdogo wake alikuwa na duka la baiskeli za umeme. Ijumaa asubuhi alizileta mbili uani, ndizo alizobakiwa nazo, anatembea katikati yake kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani. Zote mbili zilikuwa na matairi manene kama mapaja ya mpiga mieleka, zote zina springi mbele na nyuma, na betri zao zilikuwa sawasawa. Moja nyeusi, inang'aa mpaka unaweza kujitazama ukinyoa ndevu, siti yake pana kama sofa. Nyingine kijani cha sabuni iliyosahaulika kwenye maji, na siti yake nyembamba na ngumu kama benchi la kumsubiria daktari.

"Shemeji, hii nyeusi ukiipanda hata dada atakuomba lifti," alisema mwenye duka.

"Dada yako nilimwoa na baiskeli ya mkopo wa jirani, hakuomba lifti."

"Ndiyo maana picha za harusi amenuna. Haya, nawaachia zote mpaka jioni. Moja mtanirudishia."

Alitaka kuwasomea karatasi za maelezo. Trei akainua mkono.

"Kaa na karatasi zako, shemeji. Makalio haya yamekaa kwenye siti miaka kumi na tisa. Hii ni mizani. Yakisema laini, ni laini."

Akaipanda nyeusi. Akapita matuta, akapita ile barabara mbovu mbele ya gereji ambayo hata mbwa wanaizunguka, akapanda kilima anakanyaga kwa ncha za vidole kama anacheza muziki wa polepole. Mashimo aliyasikia kwa mbali, kama ugomvi wa nyumba ya tatu. Kisha akapanda ya kijani, njia ileile. Kilima ilipanda vizuri vilevile, lakini kila shimo lilimtaja kwa jina lake kamili.

Wakati anarudi alishasimama kwa kinyozi na kwa fundi viatu kuwatangazia kwamba kesho watamwona juu ya nyeusi, wavae miwani.

"Imekwisha," alimwambia mkewe. "Nyeusi. Makalio yameamua."

"Na mayai yamesemaje?"

"Mayai gani?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Mama Pacha, mimi na mayai tunapanda baiskeli moja. Nikilala mimi, na yenyewe yanalala."

"Haya. Tuyaulize kama yalilala."

Akachukua trei mbili, mayai sitini, akayagonga yote, na kila lililosema *ti* akaliwekea kidoti cha penseli. Akazifunga mwenyewe kwenye keria ya nyeusi, akamtuma mume wake mpaka juu ya kilima na kurudi. Trei akarudi anapiga mluzi. Mama Pacha akaketi dirishani.

*Ti. Ti. Ti. Che.*

Mluzi ukakatika. *Ti. Ti. Che.* Yale ya *che* aliyaweka kwenye bakuli, na mwisho yakawa tisa.

"Hayo yalikuwa hivyo toka mwanzo," alisema Trei.

Mkewe alichukua yai moja kwenye bakuli. Akaligeuza, kidoti cha penseli kikamkodolea macho. Trei akaenda kuikokota ya kijani.

Zikaja trei nyingine mbili, vidoti sitini vingine, na zamu ikawa ya kijani. Safari hii alirudi anatembea upandeupande. Mama Pacha akaanza kugonga, na Trei akainama kabisa mezani, sikio limemsimama. Tuseme ukweli, mwanamume mzima, baba wa pacha, alikuwa anaomba kimoyomoyo mayai yake mwenyewe yapasuke.

*Ti. Ti. Ti.* Mpaka la sitini.

"Haiwezekani," alisema. "Ile laini imevunja, hii ngumu imebembeleza?"

Mama Pacha alishatoka uani. "Njoo ukae kwenye nyeusi," alisema. "Sasa rukaruka hapohapo ulipokaa."

Trei akarukaruka. Mkewe akaweka kiganja juu ya keria. Mume alipanda na kushuka kama mtoto kwenye godoro jipya, lakini keria ilitulia tuli, haikusogea hata unene wa ukucha. Akamhamishia kwenye kijani. Huku kiganja kilishuka naye, kikapanda naye. Mama Pacha akachuchumaa, akafuata chuma kwa kidole mpaka zilipo bolti.

"Ona hapa. Keria ya nyeusi imefungwa kwenye hii mikono inayoshika gurudumu la nyuma, chini ya springi. Tairi likipigwa na shimo, yai linapigwa hapohapo. Ile ya kijani imefungwa kwenye fremu, juu ya springi, unapokaa wewe."

"Kwa hiyo kwenye nyeusi springi ilikuwa inambembeleza nani?"

"Wewe peke yako. Ulilala, wenzako wakakesha."

Jioni shemeji alipokuja kuchukua moja, alionyeshwa. Akachuchumaa, akatikisa, akakuna kidevu.

"Hilo mimi nilikuwa nalijua," alisema.

"Ulilijua saa ngapi?" dada yake akamuuliza.

"Sasa hivi, dada."

"Na keria haiwezi kuhamishiwa juu?" aliuliza Trei, sauti ya mgonjwa.

"Fremu yake haina matundu, shemeji. Ukiitoboa, siku moja itakatika, safari utaimaliza na nusu ya baiskeli."

Trei akaitazama nyeusi inavyong'aa, akaitazama ya kijani. "Lakini kinyozi nimeshamwambia."

"Basi kinyozi ndiye akapeleke mayai kwa Mama Mikate kesho," alisema Mama Pacha, akarudi ndani na bakuli lake.

Nyeusi ikaenda zake.

Jumamosi asubuhi trei kumi zilikazwa kwenye keria ya kijani. Kinyozi alikuwa ameshatoka mlangoni kusubiri.

"Trei, hiyo nyeusi uliifua na maji ya moto?"

"Nyoa, wewe," alijibu Trei bila kugeuka. Kilima alikipanda kwa haya tu; umeme ulimsaidia sehemu iliyobaki.

Mama Mikate aliziinua trei moja moja, akapitisha kiganja chini ya kila moja. Kiganja kilitoka kikavu. Alipofika ya kumi, ile ya chini kabisa, alipitisha mara mbili, akanusa vidole. 

"Makavu," alisema Mama Mikate. Akavunja moja, akalitazama, akalimimina kwenye unga. "Jumatatu lete kumi na mbili. Nani amekuchagulia hiyo baiskeli?"

Mdomo wa Trei ulifunguka. Hadithi ilikuwa tayari, miaka kumi na tisa, mizani, kila kitu. Akaziangalia trei.

"Mama Pacha," alisema. "Ila anayeikalia ni mimi, na hilo mtu haliulizi."

Alirudi nyumbani amesimama kwenye pedeli kama jogoo juu ya ukuta. Mama Pacha alikuwa anakaanga mayai ya *che* kwa vitunguu.

"Yamesemaje?"

"Yote *ti*. Anataka na mbili za nyongeza."

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa, akaepua kikaango. Kisha akaenda kwenye kiti chake cha dirishani, akauvuta ule mto alioukalia miaka yote ya kugonga mayai, akatoka nao, akaufunga kwenye siti ya kijani kwa kamba, mafundo mawili.

"Na wewe utakalia nini?"

"Mimi sipiti kwenye mashimo. Yai halikai kwenye siti, Baba Pacha. Wewe unakaa."

Mchana kinyozi akaja kupata habari. Trei, mto umemnyanyua kama jaji, akamweleza kwamba yeye alijua tangu mwanzo, nyeusi ilikuwa mtego tu, alitaka kupima masikio ya mkewe. Kinyozi akaomba shahidi. Trei akamwambia shahidi ni yule kifaranga wa kilimani. Sasa ni kuku mzima, anataga, aende akamuulize.